Ugani, Neno na Mahali Pake

Miongoni mwa istilahi ambazo idara za kilimo za Afrika Mashariki zimezizoea hata zikasahau kuzifasiri, hapana inayostahili fasili kuliko ugani, neno ambalo mkulima wa Kisii au Nyamira aweza kulisoma juu ya kibao cha ofisi akapita zake, asijue kwamba nyuma ya mlango ule ndiko aliko yule ambaye yeye na wazazi wake wamemwita siku zote bwana shamba.

Asili yake ni uga, yaani uwanja ulio wazi; kwa hiyo afisa ugani ni mtumishi ambaye kazi yake iko nje, penye udongo na migomba. Waingereza, ambao idara yenyewe tumeirithi kwao, waliitazama kazi hiyo kwa upande mwingine, kwani neno lao, extension, lilianza katika karne ya 19, vyuo vya Cambridge na Oxford vilipopeleka wahadhiri mijini kuwasomesha watu wasiojaliwa kuingia chuoni, na maana yake ni kunyoosha, kana kwamba elimu ni mkono utokao chuoni kumfikia aliye mbali. Wao walimtaja mtoaji. Sisi tumepataja mahali pa kukutania, na kwa rai yangu tafsiri imeishinda asili, maana humfanya mkulima kuwa mwenyeji.

Hata hivyo vitendo havikulifuata neno daima. Zama za ukoloni makinga maji yalichimbwa kwa amri na adhabu, na jina la bwana shamba likachanganyika na hofu. Ndipo, tangu mwaka 1974, serikali huru ya Kenya ikisaidiwa na Sweden ilipoanza mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo kwa mafunzo badala ya viboko. Katika kazi hiyo lilienea jina la fanya juu, yaani kuchimba mtaro kwa kuufuata usawa wa mlima na kuutupa udongo upande wa juu, ili tuta lizuie mmomonyoko na shamba, mwaka baada ya mwaka, lijilaze lenyewe kuwa ngazi. Na Waingereza, safari hii, wakalichukua neno letu katika vitabu vyao bila ya kulitafsiri. Katika vilima vya Kisii, ambako mvua ni nyingi na mashamba yamegawanywa kwa warithi hata yakawa vipande vyembamba vya kushuka bondeni, tuta likipandwa nepia hushika udongo na kumlisha ng'ombe pia.

Basi msaada wa ugani hutafutwa wapi leo? Katiba ya mwaka 2010 iliziachia kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013, huduma za kilimo pamoja na hifadhi ya udongo na maji, ilhali sera ya kilimo ikabaki Nairobi. Kwa hiyo mama auzaye ndizi soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, akitaka kupimiwa matuta, mlango wake ni wa afisa wa kilimo wa wadi, mtumishi wa kaunti. Lakini akitaka mbolea ya ruzuku, hiyo ni ya serikali kuu, naye sharti awe ameandikishwa katika daftari la wakulima, apokee ujumbe kwa simu, kisha aifuate ghalani, ambako bei ya gunia la kilo 50 ilishushwa hadi shilingi 3,500 mwaka 2022, na 2,500 mwaka uliofuata. Mbegu na maarifa ya udongo yako katika kituo cha Kisii cha KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo. Na miradi mikubwa kama ule wa taifa wa kukuza kilimo na maendeleo ya vijijini (NARIGP), iliyofadhiliwa na Benki ya Dunia na kuzifikia Kisii na Nyamira zote mbili, ilipitisha fedha zake kwa vikundi, hata mkulima asiye na kikundi akasikia habari zake kwa jirani.

Aidha, sera ya siku hizi yataka mkulima ndiye aite na afisa aitike, jambo lililo jema kwa mwenye kujua pa kuita. Kwa asiyejua, uga umegeuka kuwa ofisi. Kaunti hazihitaji sheria mpya kulitengeneza hili: siku za soko wakulima wa Kisii na Nyamira hukusanyika Daraja Mbili wenyewe, tena mahali pa wazi, na meza moja ya maafisa wa wadi, karibu na washushao mikungu, ingetosha kwa kuanzia.