Mizani, Kamba na Kiti

Nilipotimiza miaka 72 daktari aliniagiza nipunguze mwili. Nilikuwa na kilo 78, na urefu wangu ni mita 1.68. Alichukua kilo zangu akazigawa kwa urefu uliozidishwa kwa urefu, akapata 27.6, akaniambia kuwa haitakiwi kufika 25. Kwa mwalimu wa kale kama mimi maneno hayo yalitosha. Nimeishi na alama za kufaulu tangu ujana. Nikionyeshwa mstari, nahangaika mpaka niuvuke. Niliacha kula usiku, nikapunguza ugali, na kwa ujuaji wangu mwenyewe nikapunguza nyama na maharage. Kila Jumamosi nilipanda mizani ya duka la dawa. Mwezi wa saba nilikuwa na kilo 70. Nilichukua kalamu, nikapiga hesabu, nikapata 24.8. Nimefaulu!

Juma lile lile palikuwa na msiba mtaani. Nilikaa kwenye kigoda tangu asubuhi, na wakati wa kuondoka miguu ilikataa. Alinivuta mjukuu wangu, mbele za watu. Usiku nilijitazama kwenye kioo. Mapaja yalikuwa kama fito, mashavu yamebonyea, lakini tumbo lilikuwa pale pale. Mkanda ulikuwa umesogea tundu moja tu. Nilipunguza kilo 8, na nyingi kati yake nadhani zilitoka mahali nilipozihitaji.

Ndipo nikaanza kuuliza hesabu hii imetoka wapi.

Mtu wa kwanza kujipima kwa bidii ya kutisha alikuwa Santorio Santorio, tabibu aliyefundisha Padua huko Italia. Alitengeneza kiti kilichoning'inia kwenye mizani, akala, akafanya kazi na kulala huku akijipima, kwa muda wa miaka 30 hivi, na mwaka 1614 akachapisha kitabu. Hakuwa akitafuta kukonda. Alitaka kujua chakula kinakwenda wapi, akakuta kuwa sehemu kubwa ya anachokula na kunywa haitoki chooni, bali inapotea kimya kimya kwa njia ya ngozi na pumzi.

Hesabu ya daktari wangu ni ya Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyezaliwa Ghent mwaka 1796, mtaalamu wa nyota na takwimu. Katika kitabu chake cha mwaka 1835 alimtafuta "mtu wa wastani", kama vile mnajimu anavyotafuta mahali halisi pa nyota kwa kulinganisha vipimo vingi. Aliona kwamba kwa watu wazima uzito huongezeka takriban kwa kufuata kipeo cha pili cha urefu. Hakuuliza nani mnene wala nani mgonjwa. Alikuwa akihesabu umati, na kwa umati hesabu yake bado ni nzuri.

Katika karne ya 20 waliotaka kujua nani atakufa mapema walikuwa makampuni ya bima ya maisha. Majedwali ya Metropolitan Life ya Marekani, yaliyotolewa miaka ya 1940 na tena mwaka 1959, yalieleza uzito unaofaa kwa kila urefu, kutokana na kumbukumbu za watu walionunua bima. Mwenye kununua bima si kila mtu, hilo halihitaji maelezo. Mwaka 1972 Ancel Keys na wenzake waliifufua hesabu ya Quetelet wakaipa jina ambalo madaktari hulifupisha kuwa BMI. Waliijaribu kwa wanaume zaidi ya 7,400 wa Marekani, Ufini, Italia, Japani na Afrika Kusini. Wanawake hawakuwamo, na kuhusu Waafrika waliopimwa, waandishi wenyewe walikiri kuwa hawawezi kuwawakilisha wenzao.

Na mstari wenyewe huhamishwa. Hadi mwaka 1998 mwanamume wa Marekani aliitwa mnene kuanzia 27.8, mwaka huo wataalamu wao waliushusha hadi 25. Mamilioni walilala wakiwa watu wa kawaida wakaamka wanene. Kwa mstari wa zamani, msomaji, ile 27.6 yangu ilikuwa imefaulu tayari, tena bila kukosa chakula cha usiku.

Wapo walioona kasoro mapema. Mwaka 1942 Albert Behnke, daktari wa jeshi la majini la Marekani, aliwapima ndani ya maji wachezaji 25 wa kandanda ya Kimarekani. Kwa uzito wao, 17 walistahili kukataliwa jeshini. Maji yalionyesha kuwa wengi wao walikuwa na mafuta kidogo sana; uzito ulikuwa wa misuli, ambayo huzama, ilhali mafuta huelea. Miaka mitano baadaye, huko Marseille, Jean Vague alieleza kuwa mafuta ya tumboni huandamana na kisukari na magonjwa ya moyo kuliko mafuta ya mapajani na nyongani. Alidharauliwa kwa muda mrefu. Mwaka 2005 matokeo ya uchunguzi wa watu zaidi ya 27,000 katika nchi 52 yalionyesha kwamba kulinganisha kiuno na nyonga hubashiri mshtuko wa moyo vizuri zaidi kuliko BMI.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na sababu zetu za kutoiamini mizani. Mtoto mwenye kwashiakoo huvimba maji, na maji yana uzito. Mizani humsifu wakati anakufa. Ndiyo maana wauguzi humzungushia utepe wenye rangi mkononi, juu ya kiwiko, na wakikuta chini ya sentimita 11.5 hawangoji. Kisha ikaja miaka ya 1980, ugonjwa mpya ulipoitwa Slim kule Uganda. Kwa kizazi changu kukonda kulikuwa habari mbaya, na bado ni hivyo. Nilipofika kilo 70 majirani walinipongeza kwa midomo, huku macho yao yakiuliza jambo jingine.

Kuna jamboambalo nimelichelewesha. Mwaka 1994, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, tulipata mizani kwa ajili ya idara ya michezo. Niliamuru wanachuo wote wapimwe kila mwanzo wa muhula na orodha ibandikwe ubaoni, karibu na matokeo ya mitihani. Nilidhani nahimiza afya. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa wa juu kabisa katika orodha ya wasichana. Alikuwa mlinzi wa timu ya netiboli, na sijaona mwingine aliyeruka kama yeye. Wenzake walimpa jina la gari la mizigo. Muhula uliofuata alikuwa amepungua kilo 11, nami nikamsimamisha kwenye mkutano wa asubuhi nikamsifu. Sikujiuliza kwa nini alikuwa ameacha kucheza netiboli. Baada ya majuma machache alianguka mbele ya watoto akiwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Matroni ndiye aliyeniambia kwamba alikuwa haji bwaloni, akinywa chai kavu tu. Orodha niliiondoa kwa mkono wangu. Yeye alipona, akahitimu, akapangiwa kazi mbali, na radhi sikumwomba. Mkuu wa chuo wa siku zile hakuomba radhi kwa mwanachuo. Hivyo ndivyo nilivyojisamehe. Sasa nimepata anwani ya shule yake. Barua nimeiandika mara mbili, na mara zote mbili nimeona nimejieleza zaidi kuliko kuomba.

Upande wangu, nimebadilisha vipimo. Cha kwanza ni kamba. Unakata kamba ya urefu wako, unaikunja mara mbili, na inatakiwa kuzunguka kiuno bila kupungukiwa; Uingereza tangu mwaka 2022 wanawashauri watu kiuno kisifike nusu ya urefu. Nusu yangu ni sentimita 84. Siku ya kioo nilikuwa na 99, yaani kilo 8 zilinipunguzia sentimita 2 tu. Nimerudia maharage na mayai, nakwenda shambani kwa miguu, nanyanyua madumu ya maji. Leo mizani inasema kilo 71 na nusu, na hesabu ya Quetelet inasema nimefeli tena, 25.3. Kamba inasema 93.

Cha pili ni kiti. Madaktari wa wazee wa Ulaya, wakichunguza upungufu wa misuli, humtaka mtu ainuke kitini mara 5 bila kutumia mikono. Akizidi sekunde 15, wana wasiwasi naye. Mjukuu wangu yule yule ndiye mshika saa. Mara ya kwanza nilitumia 24. Jana nilipata 14, ila yeye anadai niligusa goti kwa mkono kwenye mara ya nne, na amekataa kuiandika.