Kufa kwa Timu Iliyoshinda: Historia ya Dakota Wizards na Funzo Lake kwa Miji ya Shaba

Utangulizi

Historia ya michezo huandikwa mara nyingi kama orodha ya vikombe. Timu kubwa hupata waandishi wake. Timu ndogo, hasa zile zilizokwisha kufa, husahaulika pamoja na wachezaji wake. Hata hivyo, timu ndogo ndiyo inayodhihirisha vizuri zaidi kile kinachoifunga klabu na mji wake, kwa kuwa haina utajiri wala sifa ya kuficha udhaifu wa kifungo hicho.

Makala haya yanaeleza historia ya Dakota Wizards, timu ya mpira wa kikapu ya Marekani iliyodumu kuanzia mwaka 1995 hadi 2012. Msomaji wa Kolwezi anaweza kuuliza timu hiyo inamhusu nini. Majibu ni mawili. Kwanza, kijana wa Dar es Salaam aliivaa jezi yake, na kwa njia hiyo aliliingiza jina lake katika historia ya mchezo huo. Pili, namna timu hiyo ilivyokufa inatoa mwanga juu ya jambo linalofahamika katika Kapata na katika kambi nyingine za wafanyakazi wa migodi: timu yaweza kupendwa na mji mzima, na bado uhai wake ukaamuliwa mahali pengine.

Mji na jina

Makao ya timu yalikuwa Bismarck, makao makuu ya jimbo la North Dakota, kando ya mto Missouri. Ni mji wa kadiri: sensa ya mwaka 2010 ilihesabu watu wapatao 61,000. Jina lake lilitokana na biashara. Mwaka 1873 kampuni ya reli ya Northern Pacific iliuita mji huo kwa jina la Otto von Bismarck, kansela wa Ujerumani, kwa tumaini la kuvuta mitaji ya Wajerumani. Huyo ndiye Bismarck aliyeongoza Mkutano wa Berlin wa 1884–1885, wakati madola ya Ulaya yalipoitambua bendera ya Leopold wa Pili katika bonde la Kongo. Hivyo mji wa North Dakota na miji ya Katanga ina babu mmoja katika historia, ingawa wakazi wake hawajuani.

Jina la timu nalo lastahili kutazamwa. Tafsiri ya harakaharaka ya «Wizards» ingekuwa «wachawi», na hakuna mji wa Waswahili ambao ungefurahia kuwa na klabu ya wachawi. Lakini neno hilo la Kiingereza lina maana ya pili: mtu stadi anayefanya kwa wepesi yale yanayowashinda wengine. Neno la Kiswahili lililo karibu zaidi ni «fundi», ambalo katika pwani humtaja seremala na pia mjuzi wa mambo ya pepo. Tungeweza kusema, basi, Mafundi wa Dakota.

Vikombe katika ligi tatu

Maisha ya timu hii yalipitia ligi tatu. Ilianza mwaka 1995 katika International Basketball Association, ligi ndogo ya miji ya kaskazini, na mwaka 2001 ilitwaa ubingwa wake. Mwaka huohuo ulikuwa wa msukosuko katika ligi ndogo zote za Marekani. Continental Basketball Association, ligi kongwe iliyozaliwa 1946, muda mfupi kabla ya ile iliyokuja kuitwa NBA, ilikuwa imenunuliwa mwaka 1999 na mchezaji maarufu wa zamani Isiah Thomas. Mwezi Februari 2001 ilifungwa katikati ya msimu. Baadaye mwaka huo ilifufuliwa na timu zilizotoka katika ligi mbalimbali, Dakota Wizards ikiwa mojawapo. Wizards walikuwa mabingwa wake mwaka 2002, na tena mwaka 2004.

Wakati huohuo NBA yenyewe ilikuwa imeanzisha ligi yake ya kuwalea wachezaji, iliyoanza kucheza mwaka 2001. Mwaka 2006 Wizards waliiacha CBA wakajiunga na ligi hiyo, na katika msimu wao wa kwanza, 2007, walitwaa ubingwa kwa kuwashinda Colorado 14ers. Ubingwa wote huo, wa 2001, 2002, 2004 na 2007, ulipatikana chini ya kocha mmoja, Dave Joerger, ambaye baada ya kombe la mwisho alikwenda kuwa msaidizi katika Memphis Grizzlies, na mwaka 2013 akawa kocha mkuu wa klabu hiyo.

Mabadiliko ya mwaka 2006 yalikuwa makubwa kuliko yalivyoonekana. Katika CBA klabu ilicheza ili kushinda. Katika ligi mpya mchezaji alifunga mkataba na ligi, si na klabu. Aliweza kuitwa na timu ya NBA siku yoyote, hata kesho yake ikiwa fainali. Timu za NBA nazo ziliweza kuwatuma huko vijana wao wa mwaka wa kwanza na wa pili ili wapate mazoezi. Mji uliendelea kushangilia ushindi, lakini ushindi haukuwa tena lengo kuu. Timu ilikuwa imegeuzwa karakana.

Kijana wa Dar es Salaam

Ni kwa njia hiyo Hasheem Thabeet alifika Bismarck. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akasoma katika Chuo Kikuu cha Connecticut, na kwa kimo chake cha mita 2.21 alikuwa ukuta wa ulinzi wa timu ya chuo hicho. Mwezi Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili kati ya vijana wote walioingia NBA mwaka huo, baada ya Blake Griffin na kabla ya James Harden na Stephen Curry. Alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika katika ligi hiyo.

Mwezi Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis walimtuma Dakota Wizards. Hapakuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi hicho ambaye alikuwa amewahi kupelekwa katika ligi ndogo. Habari hiyo ilielezwa kama aibu, na ndivyo ilivyobaki katika kumbukumbu za watu wengi. Lakini ikitazamwa kwa upande wa Bismarck, ina sura nyingine: mji mdogo wa nyanda za baridi ulikabidhiwa kijana aliyeanza kucheza mpira huo akiwa amekwisha kupita utoto, ili umpe dakika za uwanjani ambazo timu kubwa haikuweza kumpa. Kukaa kwake kulikuwa kwa muda mfupi, kama ilivyokuwa kawaida ya wote waliotumwa. Wenyeji walimshangilia mgeni wakijua kwamba si wao watakaovuna.

Kuuzwa na kuhamishwa

Mwezi Juni 2011 Golden State Warriors, klabu ya NBA iliyokuwa Oakland katika jimbo la California, waliinunua Dakota Wizards. Timu ilicheza msimu mmoja zaidi Bismarck. Mwaka 2012 ilihamishiwa Santa Cruz, mji wa pwani ya California, kwa safari isiyofika saa mbili kutoka Oakland, na kuitwa Santa Cruz Warriors. Mwaka 2015 ilitwaa ubingwa wa ligi. Kwa hati za sheria, basi, klabu haikufa kamwe. Iliyokufa ni Dakota Wizards.

Lazima isemwe kwamba mji haukuwa umefilisika. Mwaka huohuo wa 2012 North Dakota ilikuwa jimbo la pili la Marekani kwa uzalishaji wa mafuta ya petroli. Wala timu haikukosa historia ya ushindi. Kilichoiondoa ni umbali: mwenye mali alitaka karakana yake iwe karibu na nyumba yake, na Bismarck ilikuwa yapata kilomita 2,000 kutoka huko.

Mizani ya Katanga

Katika Katanga michezo ilikua chini ya kivuli cha makampuni. Union Minière, iliyoazimia kuwatuliza wafanyakazi wake katika kambi za kudumu tangu mwisho wa miaka ya 1920, iliwajengea nyumba, zahanati, shule na viwanja vya michezo, kwa kuwa ilitaka kuyatawala hata masaa ya mapumziko. Gécamines iliurithi mpango huo. Lakini baada ya kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990 na kushuka vibaya kwa uzalishaji wa shaba katika miaka iliyofuata, mkono uliolisha ulilegea, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Klabu inayovaa jezi za kampuni, inayosafiri kwa gari la kampuni na kucheza katika uwanja wa kampuni haiwezi kubaki salama katika hali hiyo.

Bismarck ilipoteza timu wakati wa neema, Kolwezi iliona msaada wa michezo ukififia wakati wa dhiki. Sababu zinatofautiana, lakini msingi ni mmoja: waliojaza viwanja hawakuwa na sauti katika uamuzi.

Mfano wa kinyume upo Lubumbashi. Klabu iliyoanzishwa 1939 na wamisionari Wabenedikto ilibadilisha jina zaidi ya mara moja. Kwa jina la Englebert, lililokuwa la kampuni ya matairi, ilitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968. Leo ni TP Mazembe. Majina yalipita na wafadhili walipita, lakini klabu haikuhama Lubumbashi, na vizazi vilirithishana kuishangilia. Dakota Wizards ilifanyiwa kinyume: hati ilihifadhiwa, mahali pakatupwa.

Hitimisho

Historia ya Dakota Wizards inaonyesha kwamba vikombe vinne havitoshi kuilinda timu, na kwamba utajiri wa mji si dhamana. Uhai wa klabu hutegemea nani anaimiliki na nani anaulizwa kabla haijauzwa. Tangu Kolwezi ilipokuwa makao makuu ya mkoa wa Lualaba mwaka 2015, na makampuni mapya yakichimba shaba na kobalti, swali hilo linawahusu wote wanaopokea jezi na viwanja kutoka kwa wafadhili. Kupokea si kosa. Linalopaswa kuandikwa mapema, katika kanuni za klabu, ni kwamba mfadhili akiondoka, jina, uwanja na vijana watabaki mikononi mwa wenye mji.