Kodak: Jinsi Filimu Ilivyoanguka na Kuinuka Tena

Sisi wa Mwadingusha twajua maana ya mtambo uliochoka. Mitambo ya umeme iliyojengwa penye maporomoko ya mto Lufira ilianza kazi mwaka 1930, na wazee wetu waliizoea ngurumo yake. Miaka ikapita, mashini moja ikasimama, kisha nyingine, hata wengine wakasema, "Imekwisha." Kumbe haikwisha. Mashini mpya ziliwekwa, na mwaka 2021 mitambo ikarudi kutoa nguvu za megawati 78.

Leo twataka kuwasimulia habari za kiwanda kingine kilichohesabiwa kuwa maiti, kisha kikaamka. Ni kiwanda cha Kodak, chenye kutengeneza filimu za picha katika mji wa Rochester, huko Marekani. Wala msidhani kwamba habari hii ya mbali haituhusu. Mtaona wenyewe kwamba jiwe la nchi yetu limo ndani yake.

Karani wa benki

George Eastman alizaliwa mwaka 1854. Baba yake alifariki mapema, naye akaacha shule akiwa na miaka 14 ili amsaidie mama yake. Alipokuwa karani wa benki alinunua vyombo vya kupigia picha. Lo! Ulikuwa mzigo wa punda: sanduku kubwa, vioo, chupa za dawa, na hema la giza la kufanyia kazi. Eastman akajiuliza, je, kazi hii haiwezi kurahisishwa?

Akaanza kufanya majaribio usiku, baada ya kutoka benki. Mwaka 1888 akatoa kamera ndogo aliyoiita Kodak. Bei yake dola 25, na ndani yake filimu ya picha 100. Filimu ikiisha, mwenyewe aliipeleka kamera nzima Rochester pamoja na dola 10, akarudishiwa picha zake, na kamera yenye filimu mpya. Mwaka 1900 akatoa nyingine, Brownie, kwa dola 1 tu. Hapo ndipo picha ilipoacha kuwa mali ya matajiri peke yao.

Filimu ni kitu gani?

Ni utepe mwembamba uliopakwa gelatini, yaani ule utelezi upatikanao kwa kuchemsha mifupa na ngozi za ng'ombe. Ndani ya gelatini mna chembe ndogo sana za chumvi ya fedha. Mwanga ukizigusa chembe hizo hugeuka, na dawa huonyesha mahali zilipogeuka. Basi picha imepatikana.

Kazi ya kupaka hufanyika gizani, maana mwanga kidogo tu huharibu yote. Katika miaka ya 1920 wataalamu wa Kodak waliona kwamba gelatini nyingine hushika mwanga vizuri kuliko nyingine. Walipochunguza sababu, waligundua kwamba ng'ombe walikuwa wamekula majani ya haradali! Sisi tunaoijua haradali kwa mfano wa Injili hatutashangaa kwamba kitu kidogo hivyo kina nguvu. Lakini kumbukeni jambo hili: ufundi wa filimu umejengwa kwa mamia ya siri ndogo namna hiyo. Ukipotea, haurudi kwa siku moja.

Jiwe la Shinkolobwe

Karibu na Likasi uko mgodi wa Shinkolobwe. Wakati wa vita kuu ya pili, sehemu kubwa ya uraniamu ambayo Wamarekani waliitumia kutengeneza mabomu ya atomiki ilitoka humo, kwa mikono ya wafanyakazi wa nchi yetu. Nani aliisafisha huko Marekani? Kiwanda kikubwa cha Y-12, kule Oak Ridge katika jimbo la Tennessee, kiliendeshwa tangu 1943 hata 1947 na Tennessee Eastman, kampuni iliyokuwa mtoto wa Kodak.

Tarehe 16 Julai 1945 bomu la kwanza lilijaribiwa katika jangwa la New Mexico. Miezi michache baadaye Kodak wakaanza kupata malalamiko: filimu zao za eksirei zilikuwa na madoa kabla hazijatumika. Mtaalamu wao Julian Webb akatafuta chanzo. Akakikuta katika karatasi nene ya mabua iliyofungia filimu, ambayo ilitengenezwa katika jimbo la Indiana, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka jangwani. Vumbi la bomu lilikuwa limechukuliwa na upepo, likaingia katika maji ya mto yaliyotumiwa kiwandani. Hivyo filimu ikatoa ushahidi wa jambo ambalo wakubwa walitaka lifichike.

Kuanguka

Mwaka 1975 kijana mmoja wa Kodak, mhandisi Steven Sasson, aliunda kamera isiyotumia filimu hata kidogo. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6, na picha moja ilichukua sekunde 23 kuandikwa katika utepe wa kaseti. Huyo ndiye babu wa kamera zilizomo leo katika simu zetu. Mshindani wa kuiua Kodak alizaliwa ndani ya nyumba ya Kodak yenyewe!

Wakubwa walifanya nini? Hawakumpa nguvu za kutosha. Tusiwacheke upesi. Mwenye kuuza mafuta ya taa hafurahi akiona nguzo za umeme zinasimikwa mtaani kwake. Faida yao ilitoka katika filimu, nao walikuwa na watu zaidi ya 145,000 kazini mwaka 1988. Waliogopa kuuharibu mfuko wao. Lakini walipokawia, wengine hawakukawia. Baadaye walijitahidi kuuza kamera za namna mpya, lakini faida yake haikulingana na ile ya zamani.

Mwaka 2007 majengo kadhaa ya Rochester yaliangushwa kwa baruti. Mwaka 2009 Kodachrome, filimu ya rangi iliyosifiwa tangu 1935, iliachwa. Tarehe 19 Januari 2012 kampuni ikaenda mahakamani kukiri kwamba haiwezi kulipa madeni yake. Ilitoka katika hali hiyo Septemba 2013, ikiwa ndogo sana. Nyuma ya hesabu hizo walikuwapo mafundi waliozeeka kazini, na wengi walirudi nyumbani mikono mitupu. Watu wa Likasi, walioona migodi na viwanda vikififia, hawahitaji kuelezwa machozi ya namna hiyo.

Kuinuka

Mwaka 2006 Kodak waliuza futi bilioni 12.4 za filimu ya sinema. Mwaka 2014 zilikadiriwa kuwa futi milioni 449 tu. Fuji wa Japani walikuwa wamekwisha kuacha kutengeneza filimu ya kupigia sinema. Kama Kodak nao wangefunga, ufundi ule ungezikwa.

Ndipo wenye kuupenda wakasema. Watengeneza sinema kama Christopher Nolan na Quentin Tarantino waliyasihi makampuni makubwa, na mwaka 2015 makampuni 6 yakakubali kuendelea kununua. Vijana nao, waliozaliwa na simu mkononi, wakaanza kutafuta kamera za babu zao. Mwaka 2018 filimu ya Ektachrome, iliyokuwa imeachwa, ikatengenezwa tena. Mwaka 2022 Kodak wakasema wameajiri watu zaidi ya 300 kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, na bado mafundi hawatoshi.

Mwaka 2023 sinema ya Oppenheimer ikaonyeshwa, habari za mtaalamu aliyeongoza kazi ya bomu la atomiki. Kwa ajili yake Kodak walitengeneza filimu pana ya nyeusi na nyeupe ambayo haikuwapo kabla. Dunia nzima ikatazama. Lakini katika sinema hiyo jina la Shinkolobwe halitajwi.

Hatusemi kwamba Kodak imepona kabisa. Agosti 2025 yenyewe ilionya kwamba madeni yake yaweza kuilemea. Lakini filimu haikufa, kwa sababu walibaki watu wachache waliotunza mashini na ufundi wakati wengine walipouona kuwa takataka.

Na sisi je?

Siku moja tulitaka kukusanya picha za kanisa letu. Tuliomba kwanza picha za miaka ya karibuni. Huyu akasema simu yake ilianguka majini, yule akasema yake iliibiwa. Kisha mama mmoja mzee akaleta kopo la biskuti, na ndani yake vipande vya filimu vya zamani vimefungwa katika kitambaa. Tuliviinua kuelekea dirishani, tukaziona nyuso: wanakwaya, watoto wa komunyo ya kwanza, mwalimu na baiskeli yake. Wengi wao wamekwisha kufariki. Hatukuhitaji umeme wala mashini, bali mwanga wa jua tu.

Jiwe letu lilitikisa dunia, na jina letu likasahauliwa. Basi tusingoje wageni watutunzie kumbukumbu. Kila nyumba itafute picha zake za kale, iziweke mahali pakavu, na iandike nyuma yake majina kwa kalamu ya risasi. Na picha za simu zilizo za thamani zichapwe karatasini. Tufanye upesi, wangali hai wazee wanaoweza kutuambia, "Huyu ni fulani."