Mnyororo wa Kasanga

Msafiri atokaye Sumbawanga akaishika njia ya Matai, akaiacha nyuma baridi ya uwanda wa juu wa Ufipa na kuteremka hatua kwa hatua kuelekea joto la ziwani, humalizia safari yake Kasanga, mwambao wa Ziwa Tanganyika, pale ambapo Wadachi walijenga boma lao na kuliita Bismarckburg kwa jina la waziri wao mkuu. Watu wengi wakilitaja boma lile huitaja mizinga na bendera. Mimi hukumbuka kitu duni zaidi, nacho ni mnyororo wa shingoni, kwa kuwa taarikhi ya mateso ya mahabusi katika vita ya mwaka 1914 haianzi na vita yenyewe, bali na chuma hicho kilichokuwa kikiwekwa bomani siku zote za amani.

Wala mnyororo haukuwa mgeni katika nchi hii. Misafara iliyovuka ziwa kutoka upande wa Kongo, ikatua Kirando na bandari nyingine za Ufipa kabla ya kupanda kwenda Unyamwezi na hatimaye pwani, ilipita na watumwa waliofungwa shingo kwa shingo, baadhi kwa chuma na baadhi kwa panda za miti. Nami hustaajabu kila nikifikiri kwamba njia hiyo ilipita kati ya watu walioijua kazi ya chuma kuliko wengi wa jirani zao: Mfipa aliyeyusha mawe yake katika ilungu, ile tanuri ndefu ya udongo ipitayo kimo cha mtu, akalifua jembe, na jembe lake likatafutwa mbali, lakini minyororo iliyopita mlangoni pake ililetwa na wageni.

Wadachi walipokuja na kutangaza kwamba wamekuja kuikomesha biashara ya watumwa, waliuchukua mnyororo ule ule na kuupa kazi nyingine. Mtu aliyeshindwa kulipa kodi, aliyetoroka kazi ya barabara, au aliyemjibu akida jawabu lisilompendeza, aliweza kuvikwa pete shingoni na kuunganishwa na wenziwe watano, sita au zaidi, wakateka maji, wakabeba mawe, wakalala na kuamka pamoja, hata haja ndogo ya mmoja ikawa safari ya wote. Tena kulikuwa na kiboko. Amri ya mwaka 1896 iliweka kikomo cha fimbo 25 kwa mara moja, ikawatoa wanawake, Waarabu na Wahindi katika adhabu hiyo, na kutoka hapo watu wakapata neno lao la kuutajia utawala wote ule: hamsa ishirini. Sheria ilihesabu mapigo, ila haikuupima uzito wa mkono. Uzito huo uliachiwa askari.

Na askari huyu alikuwa nani? Wissmann, afisa wa Kidachi, alipoliunda jeshi lake mwaka 1889 aliwaajiri Wasudani kutoka Misri, ambao wengi wao waliingia askarini kwa njia ya utumwa, na watu wa kusini waliochukuliwa Msumbiji wakaitwa Wazulu. Baadaye wakaja Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Askari huyo alivaa kaki na tarbushi, akatamani kuwa ombasha na baadaye shaushi, akapokea rupia 20 na zaidi kwa mwezi katika nchi ambayo mtu wa kawaida hakuzipata fedha hizo kwa miezi mingi ya jasho, akaoa, akawa na mtumishi wa kumchukulia mzigo. Wako wasemao kwamba alikuwa chombo tu mikononi mwa bwana mkubwa, na kwamba angekataa angefungwa yeye. Neno hilo lina ukweli wake, lakini halinitoshi, maana Mzungu mmoja au wawili wa boma hawakuweza kuwa kila mahali, na huko vijijini, mbali na macho ya bwana, kuku aliyenyakuliwa na mgongo uliopigwa bila hesabu vilikuwa hiari ya askari mwenyewe.

Vita ilipozuka, mpaka wa Ufipa na Rhodesia ya Kaskazini ukawa uwanja wa mapigano: Wadachi waliishambulia Abercorn Septemba 1914 wakarudishwa, na mwaka uliofuata wakakizingira kituo cha Saisi pasipo kukipata. Kila bunduki iliyokwenda mbele ilifuatwa na wapagazi, na wapagazi wakitoroka njaa na maradhi walitafutwa, wakarudishwa, wakafungwa, na mnyororo uliokuwa wa mkosaji ukawa wa mtu asiye na kosa ila nguvu za mabega yake.

Mbali na hapo, Tabora, mnyororo ulipata shingo ambazo haukuwa umezizoea. Huko walikusanywa mateka wa Kiingereza, wamisionari pamoja nao, na Wahindi, na walimu Waafrika wa misheni za Kiingereza waliotuhumiwa kwamba wanawapelekea adui ishara. Walimu wa Ugogo walitiwa minyororo na kupigwa ili waungame jambo ambalo hawakulitenda. Mmoja wa waliofungwa kule alikuwa Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa Unguja, ambaye baadaye alipanda vyeo katika ofisi za Waingereza na kukisimulia kifungo hicho katika maisha yake yaliyochapishwa mwaka 1936. Hao walisimamiwa na askari, na lililoumiza zaidi, kwa wasomi wale, lilikuwa kuamrishwa na watu ambao wao wenyewe walikuwa wakiwadharau.

Mwaka 1917 serikali ya Uingereza ikachapisha taarifa juu ya mateso hayo, na London ikaghadhibika. Lakini mtu akiisoma ghadhabu ile kwa utulivu ataona kwamba kilichowachoma sana ni Mzungu kuvutishwa mkokoteni barabarani Tabora kadamnasi ya Waafrika. Mpagazi wa Ufipa, aliyevaa pete ile ile kabla ya vita na wakati wa vita, hakuwa na mwandishi. Tena taarifa ilikuwa na faida yake: ilitoa hoja kwamba Wadachi wasirudishiwe koloni, na wale walioitoa nao walikuwa wakiwakamata watu kwa maelfu wawabebee mizigo.

Juni 1916 safu ya Waingereza chini ya Murray iliiteka ngome ya Wadachi ya Namema, kisha tarehe 8 ikaingia Bismarckburg, ambayo Wadachi walikuwa wamekwisha kuikimbia kwa njia ya ziwa. Septemba 19 Wabelgiji wakaingia Tabora, wafungwa wakafunguliwa, na wenyeji wakaanza kuwazoea askari wao wa Kongo, ambao nao walijua kuchukua chakula na watu bila kuuliza.

Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wadachi, aliweka silaha Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, akiwa na askari zaidi ya 1,100. Waliongozwa hadi Bismarckburg, wakapakiwa melini, wakafuata mwambao wa Ufipa kuelekea Kigoma, na kutoka hapo wakapelekwa kwa gari la moshi hadi Tabora kuwa mateka katika mji ule ule, ambako homa kali ya mafua ya mwaka huo iliwaua wengi wao. Waliobaki walidai mishahara yao ya vita kwa miaka, na Ujerumani ikaja kuwalipa baadhi yao katika miaka ya 1920, kila mmoja akileta cheti chake. Wafungwa wa mnyororo hawakupewa cheti.