Chanzo cha Nimonia kwa Watoto: Swali la Jamii na Swali la Kitandani

Nimonia ni jina la hali, si jina la kimelea. Anayesema kifua kikuu amekwisha kumtaja bakteria mmoja anayefahamika. Anayesema nimonia amesema tu kwamba vifuko vya hewa vya mapafu vimevimba na kujaa majimaji au usaha. Aliyevijaza huenda ni bakteria, huenda ni virusi, huenda ni wote wawili, mmoja akimfungulia mwenzake mlango.

Makala haya yanadai kwamba mjadala kuhusu chanzo cha nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano umechanganya maswali mawili. La kwanza ni la jamii: ni vimelea gani vinavyowalaza watoto wetu, na kila kimoja kwa kiasi gani? La pili ni la kitandani: huyu aliye mbele yangu afanyiwe nini leo? Sayansi imepiga hatua kubwa katika kujibu la kwanza. Kosa ni kudhani kwamba la pili haliwezi kujibiwa mpaka maabara imtaje mhusika.

Sampuli isiyofikika

Ugonjwa uko ndani ya pafu, ilhali sampuli tunazozipata kwa urahisi ziko mbali nalo. Mtoto mdogo hatemi kohozi, hulimeza. Sindano inayopitishwa kifuani hadi kwenye pafu hutoa ushahidi ulio karibu zaidi na kweli, na tafiti zilizofanyika Papua New Guinea na Gambia ziliitumia. Hata hivyo, sindano hiyo huweza kuvujisha hewa kifuani, tena huwafaa wale tu ambao sehemu iliyougua imegusa ukuta wa kifua.

Inabaki damu. Lakini nimonia nyingi za bakteria hazimwagi vimelea kwenye damu. Isitoshe, damu inayoweza kutolewa kwa mtoto mchanga ni kidogo, na wengi hufika hospitalini wakiwa wamekwisha kunywa dawa iliyonunuliwa dukani. Damu isiyootesha kitu maabara, basi, haiwaondolei bakteria hatia.

Pua na koo vinafikika, na kipimo cha PCR hutambua vinasaba vya vimelea vingi kwa mkupuo. Tatizo hapa limegeuka: tunapata watuhumiwa wengi mno. Nimokokasi, bakteria anayesifika kwa nimonia, huishi puani mwa watoto wengi wanaocheza uwanjani bila hata kukohoa. Kumkuta puani mwa mgonjwa kunathibitisha kwamba yupo, si kwamba ametenda.

Hesabu ya watoto wazima

Utafiti wa PERCH ulilikabili tatizo hilo kwa kuwapima pia watoto wasio na nimonia. Kati ya 2011 na 2014, katika nchi saba, ikiwemo Kenya kupitia Kilifi, uliandikisha wagonjwa 4,232 na watoto wa kulinganisha 5,119. Kimelea kilichoonekana kwa wingi uleule katika makundi yote mawili kilipunguziwa uzito. Kilichoonekana zaidi kwa wagonjwa kiliongezewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Miongoni mwa watoto wasio na VVU ambao eksirei zao zilionyesha nimonia, virusi vilikadiriwa kusababisha asilimia 61.4, bakteria asilimia 27.3, na kifua kikuu asilimia 5.9. Virusi vya RSV peke yake vilibeba asilimia 31.1.

Wapo waliozisoma tarakimu hizi wakahitimisha kwamba nimonia ya watoto ni ugonjwa wa virusi. Hitimisho hilo lina haraka. Karibu vituo vyote vya utafiti huo vilikuwa katika nchi zilizokwisha kuanza chanjo ya Hib, bakteria mwingine wa nimonia, na vingi vilikuwa na chanjo ya nimokokasi pia. Sehemu ya bakteria ilikuwa imekwisha kupunguzwa kabla hesabu haijaanza. Fungu la virusi linaweza kukua bila virusi vyenyewe kuongezeka.

Chanjo kama kipimo

Ushahidi wa jambo hili haukutoka kwenye darubini. Katika jaribio la Gambia lililochapishwa mwaka 1997, watoto waliopata chanjo ya Hib walipungukiwa na nimonia ya kwenye eksirei kwa takriban asilimia 21. Chanjo hiyo haizuii kingine ila Hib, kwa hiyo kesi zilizotoweka zilikuwa zake, hata zile ambazo maabara haikuwahi kumwona. Kilifi ilitoa somo kama hilo baada ya Kenya kuanza chanjo ya nimokokasi mwaka 2011: watoto waliolazwa kwa nimonia iliyothibitishwa kwa eksirei walipungua kwa asilimia 48, na waliolazwa kwa nimonia iliyotambuliwa kwa dalili walipungua kwa asilimia 27. Pengo kati ya tarakimu hizo linasema jambo: dalili huzoa wengi ambao ugonjwa wao una chanzo kingine.

Hata hivyo, jibu la mahali pamoja halihamishiki kirahisi. Jaribio la Hib katika kisiwa cha Lombok, Indonesia, halikupunguza nimonia ya kwenye eksirei kama Gambia. Kila jamii inahitaji hesabu yake, na hesabu hiyo ina umri: chanjo mpya ikiingia, ya jana imepitwa.

Kitandani

Sasa turudi kwa muuguzi wa zahanati. Kujua kwamba asilimia 61 ni virusi hakumwambii kama huyu yumo katika 61 au katika 39. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani humpa saa na macho: ahesabu pumzi kwa dakika nzima, akichukua 50 au zaidi kuwa nyingi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, na 40 au zaidi kwa wa miezi 12 hadi 59, kisha aangalie kama kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu hunyesha. Pumu, malaria na homa kali nazo huharakisha pumzi. Katika utafiti wa watoto 1,005 wenye homa waliotibiwa bila kulazwa Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, asilimia 62 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Kati ya hao, nimonia iliyothibitishwa kwa eksirei ilikuwa asilimia 5 tu.

Pingamizi linaeleweka: bila kumjua mhusika, si tutaendelea kumwaga antibiotiki na kuzalisha usugu? Jibu limepatikana Dar es Salaam. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 lilitumia kipima oksijeni cha kidoleni pamoja na vipimo vya papo kwa papo, vikiwemo vya kupima ukali wa mwitikio wa mwili. Watoto walioandikiwa antibiotiki siku ya kwanza walikuwa asilimia 11.5, dhidi ya 29.7 katika kundi la kulinganisha, na walioshindwa kupona walikuwa wachache zaidi. Uamuzi wa kutoa antibiotiki haukungoja jina la kimelea.

Upo mpaka wa hoja hii. Mtoto asiyepata nafuu kwa dawa, mwenye VVU, au anayeishi na mgonjwa wa kifua kikuu anastahili uchunguzi wa kina, kwa kuwa matibabu yake yanategemea jina. Hapo maabara ni ya lazima.

Kwa wengine wote, mgawanyo wa kazi uwe wazi. Zahanati ipewe kipima oksijeni na muda wa kuhesabu pumzi. Hospitali chache zilizoteuliwa zifanye hesabu ya jamii mfululizo, zikiwapima na watoto wazima. Hesabu hiyo italipa: chanjo ya RSV kwa wajawazito iliidhinishwa Marekani na Ulaya mwaka 2023, na itakapowafikia mama zetu, itapima ile asilimia 31.1 kama ya Hib ilivyompima Hib. Jamii itakayokuwa imeanza kuhesabu kabla ya siku hiyo ndiyo itakayoweza kulisoma jibu.