Wahitimu wa Ng'ambo Ufukweni mwa Mweru

Zambia ilipojitawala tarehe 24 Oktoba 1964, Waafrika wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa kama mia moja tu nchi nzima. Chuo Kikuu cha Zambia chenyewe kilifunguliwa mwaka 1966. Shule za sekondari zilijengwa mbio mbio, walimu hakuna. Miongoni mwa walioziba pengo hilo walikuwa vijana wa Uingereza na Kanada waliohitimu juzi tu, wakiletwa na mashirika ya kujitolea: VSO ya Uingereza, iliyoanza 1958, na CUSO ya Kanada, ya mwaka 1961. Walilipwa posho ya kujikimu, na mkataba ukiisha walirudi kwao.

Upande wa Luapula, mkoa wa kaskazini mwa Zambia, mgeni aliyekuja kutumika hakuwa jambo jipya. Wamisionari wa London Missionary Society walifungua kituo Mbereshi, karibu na ikulu ya mtawala wa jadi, Mwata Kazembe, mwaka 1900. Mabel Shaw alifika hapo 1915, akaanzisha shule ya bweni ya wasichana, akaondoka 1940. Robo karne! Mtu anaweza kugombana na mengi katika kazi ya misheni, na sababu zipo, lakini aliyekaa miaka hiyo yote aliwaona wanafunzi wake wakiwa mama wa watu. Kijana wa mkataba mfupi huondoka kabla hajajua kama alilolianzisha limeota.

Tanganyika iliwapokea Peace Corps, watu wa kujitolea kutoka Marekani, mapema, miezi michache kabla ya Uhuru wa Desemba 1961: wahandisi, wapima ardhi na wanajiolojia. Zambia ilikaa karibu miaka thelathini tangu Uhuru wake bila wao. Kundi la kwanza lilianza kazi 1994, katika maji na afya vijijini. Baadaye ikaja kazi ya mabwawa ya samaki, na Luapula ikawa mojawapo ya mikoa yake.

Mtu atauliza, bwawa la nini katika mkoa wenye ziwa kama Mweru? Waulize wazee habari za mpumbu. Samaki huyo alikuwa akipanda Mto Luapula kwa maelfu wakati wa mvua kwenda kutaga, na huko huko njiani nyavu zikamsubiri, maana migodi ya Katanga na ya Ukanda wa Shaba ilikuwa na matumbo mengi ya kulisha. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 alikuwa amekwisha kuadimika. Siku hizi soko la Kashikishi, pale Nchelenge, hutegemea sana chisense, vidagaa vinavyovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa kukipambazuka. Na kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa.

Ndiyo maana ya bwawa. Huchimbwa kwa jembe na koleo, tuta likashindiliwa, na kwenye kona hujengwa uzio mdogo wa fito wa kutilia samadi na majani. Maji yakibadilika kuwa ya kijani, mfugaji huingiza mkono hadi kiwiko. Asipokiona kiganja chake, chakula cha samaki kipo. Ni elimu ambayo jirani humfundisha jirani bila cheti wala mgeni, na kwangu mimi hicho ndicho kipimo cha haki cha kazi ya kujitolea.

Mipango iliyofuata ililenga wahitimu hasa, kwa mwaka mmoja ndani ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Princeton in Africa, ya mwaka 1999, ilileta vijana waliohitimu Marekani. Global Health Corps, aliyoianzisha Barbara Bush, binti wa George W. Bush, aliyekuwa Rais wa Marekani, pamoja na wenzake mwaka 2009, ilianza na wahitimu 22 na baadaye ikafika Zambia. Hii ilifanya jambo la maana mno: wahitimu waliwekwa wawili wawili, mwenyeji na mgeni, ofisi moja, kazi moja. Mgeni akifunga mizigo, anabaki mtu anayejua faili liko wapi na ahadi gani ilitolewa kwa nani.

Umuhimu wa kuwa na mwenyeji anayebaki ulidhihirika Machi 2020. Kwa sababu ya korona, Peace Corps iliwaondoa watu wake wote duniani ndani ya siku chache. Zambia ilikuwa miongoni mwa nchi mbili za kwanza kuwapokea tena, Machi 2022. Kwa miaka hiyo miwili, mabwawa na zahanati vilibaki mikononi mwa wenyeji.

Nchelenge sasa ina pia makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa 2018 kwa Wakongo waliokimbia mapigano ng'ambo ya ziwa, wengi wao wakizungumza Kiswahili. Nafasi za mwaka mmoja zikipatikana huko, zitangazwe kwanza Mansa, Lubumbashi na Kigoma. Mhitimu wa Lubumbashi hahitaji mkalimani kumsikiliza mama aliyetoka Pweto, upande wa Kongo, na mtoto mwenye malaria, na mkataba wake ukiisha, kwao ni safari ya basi.