Kunyanyua gari

Kunyanyua gari ni kazi ya kuongeza kimo cha gari kutoka barabarani kwa kubadilisha springi, shokapu au vifaa vinavyoshikilia magurudumu. Nchini Tanzania kazi hiyo hufanyika mara nyingi upande wa nyuma, kwenye magari madogo na magari ya spoti yaliyoagizwa yakiwa yametumika, hasa kutoka Japani. Hufanywa na mafundi wa gereji za mtaani au na mwenye gari mwenyewe nyumbani. Kinyume chake ni kushusha gari, ambako hulenga kulifanya litulie zaidi kwenye kona za barabara laini.

Sababu

Gari la spoti hutengenezwa likiwa chini ili kitovu chake cha uzito kiwe chini na lisiinamie upande sana linapokata kona. Sifa hiyo huwa kasoro kwenye matuta, makorongo na barabara za changarawe.

Mkoa wa Mara una hali zote mbili. Barabara kuu ya lami kutoka Mwanza hupita Bunda na kuendelea hadi Sirari, mpakani mwa Kenya, na Musoma hufikiwa kwa tawi la barabara hiyo. Nje ya lami, njia nyingi za vijijini katika wilaya za Bunda na Butiama ni za changarawe au udongo. Kwenye mbuga zenye udongo mweusi wa mfinyanzi, mvua huleta utelezi, na magurudumu huacha mifereji mirefu inayoweza kugusa ekzosi, tangi la mafuta au sampo ya injini. Sababu nyingine ni mizigo: gari lililojaa abiria, samaki au mazao huinama nyuma.

Sehemu zinazohusika

Springi hubeba uzito wa gari. Iko ya koili, yaani chuma kilichozungushwa, na iko ya mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Shokapu haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza mtikisiko wa springi ili tairi lisirukeruke. Bushi ni vipande vya mpira vilivyo kwenye viungo.

Upande wa nyuma wa magari hutofautiana. Mengine yana ekseli moja inayounganisha magurudumu yote mawili, hivyo gari likinyanyuliwa magurudumu hubaki wima. Mengine, kama Toyota Altezza iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1998, hushikilia kila gurudumu peke yake kwa mikono ya juu na ya chini. Katika gari la aina hiyo, kubadilisha kimo hubadilisha pia mwinamo wa gurudumu, na tairi huweza kulika upande mmoja.

Njia

Njia ya kwanza ni kuweka spesa, yaani kipande cha mpira mgumu, plastiki au chuma, juu au chini ya springi. Ni njia ya bei nafuu, lakini mara nyingi hueleweka vibaya. Springi yenye ugumu wa newtoni 30 kwa milimita hubonyea milimita 50 ikiongezewa newtoni 1,500, sawa na uzito wa kilo 150 hivi. Ikiwekewa spesa, itabonyea milimita zilezile 50. Spesa hunyanyua gari, lakini haiongezi uwezo wake wa kubeba.

Njia ya pili ni kufunga springi ndefu au ngumu zaidi pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Shokapu fupi huvutika hadi mwisho wake kila gurudumu linaposhuka shimoni, na hatimaye huvunjika au kung'oa kishikizo chake.

Njia ya tatu, kwa pikapu na magari ya mizigo, ni kuongeza bapa kwenye springi. Hii huongeza ugumu, lakini uwezo wa ekseli, rimu, tairi na breki hubaki ule uliowekwa na mtengenezaji.

Kwa wanaoshusha gari, wapo wanaokata koili. Koili yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikikatwa mzunguko 1 huwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, na ikiwa fupi mno huweza kutoka mahali pake gurudumu linaponing'inia.

Utaratibu wa kazi

Kabla ya kuanza, hupimwa umbali kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Gari huegeshwa mahali tambarare na pagumu, na magurudumu ya mbele huzuiwa yasibingirike. Baada ya kuinuliwa kwa jeki, gari hukalishwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake, tofali au mawe havitoshi, kwani gari likiteleza humwangukia aliye chini yake.

Bolti za chini za shokapu hufunguliwa, ekseli hushushwa polepole na springi hutolewa. Mipira ya breki huangaliwa isivutike. Kazi hufanywa pande zote mbili kwa vipimo sawa. Bolti zinazopita kwenye bushi hukazwa kabisa gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, mpira hujipinda na kuchanika mapema.

Madhara

Baadhi ya magari ya mizigo yana vali inayopima mzigo kwa umbali kati ya ekseli na bodi. Nyuma ikinyanyuliwa bila kuirekebisha, vali huchukulia kwamba gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Gari lililojaa basi huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama.

Nyuma ikipanda, taa za mbele huangaza chini na dereva huona umbali mfupi usiku. Nyuma ikishuka, taa huwaumiza macho wanaokuja mbele. Kitovu cha uzito kikipanda, hatari ya kupinduka kwenye kona huongezeka. Kwa hiyo baada ya kazi hupimwa mwelekeo wa magurudumu, breki na taa.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali salama.

Katika mashindano

Magari ya spoti yamerekebishwa kwa ajili ya barabara za Afrika Mashariki tangu zamani kupitia mbio za Safari Rally. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 na kwa miaka mingi zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 na 1973. Mwaka 1978 Porsche ilileta 911 zilizonyanyuliwa na kuimarishwa chini, na Vic Preston Jr. akashika nafasi ya pili. Katika magari hayo springi, shokapu, vishikizo na kinga za chini vilibadilishwa kwa pamoja, si kimo peke yake.